Mume Wangu na Kazi ya Pwani

Jioni hizi, nikikaa nje ya nyumba hapa Majengo, huwasikia watu wazima wakilalamika kwamba vijana wa Songea hawataki kukaa kwao. Mmoja husema pwani imewaloga. Mwingine husema ni uvivu wa kulima. Mimi hunyamaza, maana nikifungua mdomo nitagombana na mtu, na umri wangu si wa kugombana kila jioni. Lakini kuandika ninaweza. Masista wa misheni walinifundisha kusoma nikiwa tayari nina mvi, wakitumaini nitanakili sala. Sala nimenakili za kutosha. Leo naandika jinsi nilivyohangaika kumzuia mume wangu asipelekwe kufanya kazi pwani, enzi za Mjerumani, baada ya vita vya Maji Maji.

Kwanza nieleze kazi ilivyokuwa, kwa sababu wajukuu zangu hudhani watu wamekuwa wakiomba kazi tangu dunia iumbwe. Kwetu Ungoni kazi haikuombwa, ulizaliwa nayo. Baba yangu alizaliwa Mngoni wa ukoo wa watawala, kwa hiyo kazi yake ilikuwa ngao na mkuki. Msimu wa vita ukiisha, kazi yake ilikuwa kunywa pombe na kuamua kesi za wengine. Waliolima ni wanawake na masutu. Sutu ni mtu aliyetekwa vitani, Mpangwa au Mndendeuli au Mmatengo, na watoto wake waliozaliwa kwetu waliitwa hivyo hivyo. Sutu alikula chungu kimoja nasi na kupigana upande wetu, na Kingoni chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini jembe lilikuwa lake, na mwanawe, na mjukuu wake.

Mjerumani alipojenga boma akataka watu wa kubeba mizigo kwenda Kilwa na Lindi, wa kuchonga barabara na wa kuchoma matofali. Baba hakuona jambo jipya hapo. Alitoa masutu, akaendelea na pombe yake. Kodi ya kibanda ilipoletwa, walioondoka kwenda kuitafuta ni masutu tena. Sisi wa ukoo tuliona Mjerumani ni mtu msumbufu, lakini usumbufu wake ulikuwa ukitua kwenye mabega ya wengine. Nasema hivi bila aibu kwa sababu ndivyo tulivyokuwa, na anayetaka kukasirika akasirike.

Kisha vita. Sitavieleza, kila mzee wa Ruvuma ana habari zake za dawa ile na risasi zile. Kaka zangu wote walikufa. Wakubwa wa ukoo walinyongwa hapa mjini mbele ya watu. Baba hakunyongwa. Cheo chake kilikuwa kidogo mno, hata boma halikumjali, na nadhani hilo lilimuuma zaidi ya kamba. Askari walichoma maghala yetu na mashamba yenye mahindi mabichi. Mwaka uliofuata tulikula mizizi ya porini, na wengine hawakupata hata hiyo.

Masutu wengi walitumia nafasi ile kurudi makwao. Nani wa kuwazuia? Siku moja kaya ya baba yangu ilikuwa na moshi wa vibanda vingi, siku nyingine tukabaki sisi tu na kuku mmoja kipofu. Katika masutu aliyebaki ni kijana mmoja. Mama yake alitekwa Upangwa na baba yangu mwenyewe, akamzaa kwetu, akafia kwetu. Kijana yule hakuwa na Upangwa wa kurudi. Alikuwa mrefu, mpole, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Alikuja akasimama mbele ya baba, akaomba anioe. Baba alimkubalia kwa sababu hakuwapo mwingine wa kuniomba. Hata baada ya hapo hakumwita mkwe. Alimwita "mtu wangu," kama zamani, na mume wangu alimwita "bwana."

Mimi nilimpenda. Nilimpenda kabla ya vita, wakati kumtazama tu kulikuwa kosa.

Tulikaa upande ule ambao siku hizi unaitwa Mfaranyaki. Hatukumaliza hata msimu mmoja kwa amani. Mashamba makubwa ya pwani yalikuwa yanataka watu wa kukata mkonge na kusafisha pori, na boma likawaagiza majumbe wote watoe wanaume. Zamani jumbe angetoa masutu. Sasa masutu wameondoka na wenye nguvu wamekufa, kwa hiyo jumbe alihangaika kama mtu anayetafuta chumvi kwenye chungu kilichooshwa. Waliokwenda kundi la kwanza hawakurudi. Kundi la pili alirudi mmoja, akakaa uani kwa mama yake akitetemeka mpaka akafa. Kundi la tatu lilipotajwa, jumbe wetu alipita karibu na nyumba yetu mara nyingi kuliko njia yake ilivyohitaji.

"Watamchukua huyu," nilimwambia baba.

"Ni mtu wangu," akasema baba. "Hawawezi kumchukua bila kuniuliza."

Nilitaka kucheka. Wakati ule baba hakuulizwa hata na kuku.

Basi tukakimbia. Tulielekea magharibi, kwenye milima ya Umatengo, ambako vita havikuunguza sana na tulisikia kuna maharage. Njiani mume wangu alibeba kila kitu na baba alibeba fimbo. Kule juu kulikuwa na baridi na ukungu, na mashamba yamekaa kwenye miteremko mikali hata nikajiuliza mlimaji anasimamaje. Tulibisha hodi nyumba nyingi. Kwa lugha walitujua sisi ni nani, wakafunga milango. Wana haki. Miaka yote ya ujana wao Wangoni hawakufika kule kuomba kazi.

Aliyetufungulia alikuwa mwanamke mjane, mtu wa makamo, mwenye shamba kubwa na asiye na mwanamume wa kumfyekea nyasi. Alimtazama mume wangu mabega, akanitazama mimi mikono, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, umewahi kufika huku kwetu?"

Baba alikuwa na makosa mengi, lakini hakuwa mwongo. "Nimewahi," akasema.

"Mimi nilikuwa pangoni na mama yangu," akasema mjane. "Tulikaa humo mpaka mlipoondoka. Karibuni ndani, kuna baridi."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjane hakungoja ya tatu. Asubuhi ile ile tulipatana: mimi na mume wangu tufanye kazi shambani kwake mpaka maharage yavunwe, yeye atulishe na kutupa mbegu za kuondokea. Kulikuwa na jambo la pili, na kwangu ndilo lililokuwa kubwa. Kaka yake mjane alikuwa jumbe wa pale. Wakala wa vibarua alikuwa akifika na huko pia, na jumbe yeyote mwenye akili angetoa mgeni kabla ya kutoa mtoto wa kwao. Nilimpigia mjane magoti. Nilimwambia, "Mama, usiache wampeleke mume wangu pwani." Akajibu kwamba mtu akiwa wa shamba lake, kaka yake hatamgusa, kwa sababu bila shamba lile hata huyo kaka hali. "Shamba likisimama, mumeo anasimama," alisema. Nililala usingizi siku hiyo. Nilikuwa sijalala vizuri tangu vita.

Mume wangu alifyeka nyasi za mteremko mzima. Zilikuwa ndefu kupita kichwa chake. Alizilaza chini zikauke, na jua la siku zile lilikuwa zuri, likazikausha upesi. Mimi nilifyeka kando kando na kupika. Mjane alifurahi, akaanza hata kututania kwamba kumbe Mngoni akishika kitu kisicho mkuki anafaa.

Tatizo lilikuwa baba. Mjane alimpa chakula wa kwanza, kwa sababu ya umri wake. Kila alipopokea bakuli alitazama pembeni. Yeye hakutekwa na mtu, hakununuliwa, na sasa alikuwa anakula jasho la mtu wake kwenye nyumba ya mwanamke ambaye aliwahi kumkimbizia pangoni. Akaacha kula vizuri. Mimi nilimwambia ale, aache kiburi. Mume wangu alimsogezea tu bakuli.

Siku moja mjane alikwenda msibani bonde la pili, akamchukua mume wangu ambebee unga wa msiba. Nilikwenda mtoni kuosha maharage na kuchota maji. Baba alibaki peke yake na shamba la nyasi kavu.

Hapa inabidi nieleze namna tunavyolima kwetu. Ungoni mtu hufyeka, hukusanya majani, huyachoma, na hupanda ulezi kwenye majivu. Shamba lisilochomwa ni shamba chafu, la mtu mvivu. Na anayewasha moto ni mwenye kaya. Katika kilimo chote ile ndiyo kazi pekee ambayo baba aliwahi kuifanya: masutu wakishamaliza, walimwita, naye alikwenda ameoga, akasema maneno machache kwa wazee waliotangulia, akashika kijinga akakitia kwenye majani. Sasa aliona majani yamekauka, na mwenye kaya hayupo, na yeye amekula bure siku nyingi. Akaoga. Najua alioga kwa sababu nilikuta maji yamemwagwa nyuma ya nyumba. Akayakusanya majani kwa mikono yake, mzee yule, mteremko mzima, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Kisha akawasha.

Mimi niliuona moshi nikiwa mtoni. Mtu asije akafikiri nilishtuka. Nilifurahi! Nilisema moyoni, baba yangu amekubali kufanya kazi, leo atakula ashibe. Nilipopanda nikamkuta amesimama kando ya shamba, nguo imejaa masizi, uso umenyooka kama zamani. Shamba lilikuwa jeusi na safi kutoka juu hadi chini.

"Mwambie huyo mama," akasema, "kazi ya mtu wangu nimeimalizia mimi."

Nilimpikia. Alikula bakuli zima.

Mjane alirudi alasiri, mume wangu nyuma yake. Alipofika ukingoni mwa shamba akasimama, mkono juu ya kifua. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliteremka akachota majivu, akayaacha yapite kwenye vidole.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," akasema baba. "Nimekusafishia."

Mjane alikaa chini pale pale. Akaokota vijiti, akavipanga kwenye udongo mbele yetu: vingine vya kushuka, vingine vya kukatiza, mpaka vikafanya vyumba vidogo vidogo. Akatuambia majani yale ndiyo shamba. Mwanamume huyalaza hivi, mteremko mzima, na mwanamke huchimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuyafunika. Panabaki mashimo, na kuta zake ndizo zinazopandwa. Mvua ikija, maji hukaa shimoni, hayashuki na udongo, na majani yanayooza ndani ndiyo yanayolisha maharage. Bila majani mlima wote unakwenda mtoni. Wamatengo wamelima hivyo tangu walipobanwa huko juu na watu kama sisi, wasiwe na mahali pengine pa kulima.

"Hukutuambia," nilisema. Nilikuwa na hasira na hofu.

"Mwanangu," akasema, "nani humwambia mgeni asimwage unga?"

Baba alivitazama vile vijiti. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu ila siku ile. Mume wangu ndiye aliyemshika mkono akampeleka ndani, akimwambia, "Twende, bwana, baridi inaingia."

Tulihangaika kutafuta majani mengine. Mume wangu alizunguka milima ile akiomba ruhusa ya kufyeka, lakini kila mteremko una mwenyewe na kila mwenye mteremko alikuwa analaza majani yake mwenyewe. Wakati wa maharage haungoji. Kisha ikanyesha mvua moja kubwa, nikasimama mlangoni nikitazama maji mekundu yakiteremka na majivu ya baba na udongo wa mjane mpaka mtoni. Mjane alikuwa nyuma yangu. Hakunilaumu, na nilijua hana tena cha kutulishia.

Habari za wakala zilifika mara tu baada ya mvua ile. Jumbe akaja kwa dada yake, akakaa, akakataa hata uji.

"Yule Mngoni wako mrefu," akasema.

"Ni mtu wa shamba langu," akasema mjane.

"Shamba liko wapi, dada?"

Jumbe hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alisema kwa sauti ndogo kwamba akikosa huyu itabidi amtoe mtoto wa jirani, ambaye mama yake hana mwingine. Nikamwambia hata mimi sina mwingine. Akanijibu, "Najua, mama. Lakini wewe utaondoka, na yule mama nitamwona kila siku." Nililia, nikashika miguu yake, nikasema maneno ambayo mwanamke wa ukoo wetu hakutegemewa kumwambia Mmatengo. Nilikuwa tayari kuwa sutu wake. Akaitoa miguu yake taratibu.

Wakala alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na ndevu zilizochanwa, akiwa na askari. Aliwapanga wanaume uwanjani kwa jumbe, akamwinulisha kila mmoja gunia, akawatazama macho na meno. Mume wangu alisimama katika mstari kama mtu aliyesimama hapo tangu kuzaliwa. Ndipo baba akatoka. Alikuwa amejifunga nguo yake vizuri, ameiacha fimbo nyumbani. Akaenda akasimama mbele ya mume wangu, akamsukuma nyuma kwa mgongo.

"Huyu abaki," akasema. "Nichukue mimi."

Wakala alimtazama kwa upole. "Shikamoo, mzee," akasema.

Baba aliitika, na kwa kitambo kidogo niliona uso wake unapata uhai, akidhani salamu ile ni makubaliano. Wakala akampita, akamgusa mume wangu begani. "Wewe, upande huu."

Walimkataa baba yangu kwenye kazi ya utumwa. Mtu aliyekuwa akigawa watu. Hakukasirika, hakusema ni mtu wangu. Alibaki uwanjani pale mpaka wote walipoondoka, mjane akamfuata na kumrudisha.

Niliwafuata mpaka Songea, nikitembea nyuma ya mstari. Waliwafunga kamba kiunoni walipoingia Ungoni, kwa sababu huko ndiko watu walikotoroka. Mume wangu aligeuka mara kwa mara kuona kama bado nipo. Bomani walilala, asubuhi wakashika njia ya Tunduru kuelekea Lindi, na askari akanizuia. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka yeye alisema, "Mtunze bwana."

Nilimtunza. Nilirudi Umatengo kumchukua kwa mjane, tukarejea Mfaranyaki, naye akaomba jembe. Alifyeka majani kwenye uwanja wetu tambarare, akayalaza kwa miraba kama mjane alivyoonyesha kwa vijiti, akaniambia nichimbe. Majirani walicheka, maana pale kwetu maji hayaendi popote na hakuna mlima wa kushikilia. Nilichimba. Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Alikufa kabla ya kuvuna, na nilimzika nikisaidiwa na mafundi matofali wa boma, watu nisiowajua.

Nikabaki peke yangu. Nililima, nikabeba mawe barabarani kwa ajili ya kodi, nikapika pombe ya kuuza. Kila kundi liliporudi kutoka pwani nilikwenda kusimama njiani. Walirudi wachache, nao hawakuwa watu wa kuulizwa maswali mengi. Watu walinishauri nihesabu nimefiwa, niolewe. Niliwatukana.

Na alirudi. Hilo ndilo ambalo sikutegemea kulieleza kwa uchungu. Alitokea mchana, amekonda, ana kikohozi, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Aliniletea kitambaa cheupe. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nilimwosha mikono ile kwa maji ya moto, mmoja mmoja, nikasema Mungu ameniona mimi peke yangu katika nchi hii. Usiku na mchana alinisimulia habari za kule: jua, maji ya chumvi chumvi, mnyapara na kiboko, na jinsi wanavyozikana wao kwa wao kwa sababu hakuna mwingine wa kuwazika. Nilisema, basi, yamekwisha.

Alilima msimu mmoja. Alilima vizuri, lakini alikuwa akisimama katikati ya kazi na kutazama njia. Jumbe alikuwa akimwita kubeba mizigo, kwa kuwa ni mtoto wa sutu na bwana wake amekufa. Kwenye pombe watu wa ukoo wetu, mabaki yale, walimpa nafasi karibu na mlango. Binamu yangu mmoja mlevi alimtuma maji mbele ya watu, akimwita sutu kama zamani, naye aliinuka akaleta. Nilimgombeza yule binamu mpaka mate yakanikauka. Mume wangu aliniambia ninyamaze.

Kisha asubuhi moja akaniambia, "Mke wangu, nitwangie unga wa njiani."

Nilidhani ametumwa. "Jumbe amekuita?"

"Hapana."

"Boma?"

"Hakuna aliyeniita. Wakala anachukua watu. Nakwenda mwenyewe."

Nilikaa chini. Nilimkumbusha makovu. Nilimkumbusha wale aliowazika. Nilikuwa na mimba, naye alijua. Nilisema yote ambayo mwanamke anaweza kusema, mengine si mazuri.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyokuwa. "Kule kazi ni mbaya," akasema. "Sijasema ni nzuri. Lakini kule mnyapara akiita, anatuita wote kibarua. Mimi, na Mnyamwezi, na Myao, na hata Mngoni wa ukoo wenu mmoja aliyeko kule. Tunaamka pamoja, tunapigwa pamoja."

"Na mimi je?"

"Wewe ni binti wa bwana," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja jina la mto.

Nilimtwangia unga. Nilijiambia nimfuate hadi bomani, huenda njiani akabadilika. Mara ile hakukuwa na kamba wala askari wa kuwapanga. Wanaume walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya wakala tangu alfajiri, wamekuja kwa miguu yao, wengine wametoka mbali, wakisukumana wapate kuonekana. Mmoja alimtambua mume wangu, akamwita kwa jina la pwani nisilolijua. Wakakumbatiana. Mwenzake akasema neno, na mume wangu akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, mkono begani kwa yule mtu. Nilikuwa nimekimbia naye, nimelala njaa naye, nimelala kitanda kimoja naye, na kicheko kile sikuwahi kukisikia.

Nilianza kumtafuta mtu wa kumsihi. Mara ya kwanza nilikuwa na mjane, nikawa na jumbe, nikawa na wakala, wote wana masikio hata kama hawakunisaidia. Nilitazama pande zote za uwanja ule. Hakukuwa na mtu aliyekuwa amemshika mume wangu.